Pikipiki ya zamani imegoma kuwaka: cheki haya kabla hujanunua spea yoyote

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, Moshi na Arusha baridi ikishakaza, asubuhi ukipita mitaani lazima ukutane na mtu yuko pembeni ya barabara anapiga kiki, jaketi kashavua kaliweka kwenye siti, jasho linamtoka wakati watu wengine wote wamejikunyata, na pembeni wamesimama watatu kila mmoja anamwambia lake, huyu anasema plagi hiyo, huyu anasema CDI, kile kiboksi cha umeme kinachopanga moto wa plagi, imekufa, huyu anasema sukuma tu itawaka. Inaniuma sana kuona hivo maana najua mara nyingi tatizo ni kitu kidogo cha dakika kumi, na huyo mtu mpaka jioni atakuwa ametoa hela ya spea tatu ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mi natumia Honda CG125 ya mzee wangu. Alikuwa bwana shamba, amezunguka nayo Uru na Kibosho yote miaka mingi, alipostaafu ikakaa kwenye banda jirani na ng'ombe mpaka nilipoitoa. Hii pikipiki Honda walianza kuitoa 1976 na waliitengeneza wakiwafikiria watu wa sehemu kama zetu, barabara mbovu na sevisi ya kubahatisha, ndo maana haina cheni ya taimingi ya kupanda juu, valvu zinasukumwa na vijiti. Baadaye Wachina wakauchukua muundo wa hiyo injini wakaufunga kwenye pikipiki zao nyingi tu ambazo mpaka leo zimejaa vijiweni. Kwa hiyo haya ninayoandika yatakusaidia hata kama yako ni ya Kichina, au Boxer iliyochoka, au ile Yamaha ya zamani ya parokiani, mradi iwe na kabureta. Za injekta zina mambo yake, hizo siziongelei hapa.

Nilivojifunza ni kwa maumivu. Mwaka wa kwanza iligoma kuwaka siku moja baada ya kuipeleka kuoshwa. Nikaisukuma mpaka kwa fundi, akapiga kiki mbili akasema CDI, nikanunua, haikuwaka, akasema basi koili, ile inayoongeza nguvu ya umeme wa plagi, nikanunua, haikuwaka, akaanza kuongelea kufungua magneti, lile gurudumu la sumaku linalozalisha umeme kwenye injini. Kulikuwa na mzee mmoja amekaa pale Majengo anasubiri kuzibiwa pancha ya baiskeli, akaniita taratibu akaniambia, "Mwanangu, hebu chomoa kwanza hiyo waya ya swichi ya kuzimia." Nikachomoa, kiki ya pili ikaunguruma. Maji ya kuoshea yalikuwa yameingia kwenye ile swichi nyekundu ya usukani, yanazima moto kila unapotaka kutoka. Nilimshika mkono yule mzee kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu na sijanunua tena spea kwa kukisia.

Utaratibu wenyewe ni huu. Injini ili iwake inataka mafuta, inataka moto, yani cheche ya plagi, na inataka kompresheni, yani pistoni ikipanda iubane ule mchanganyiko wa hewa na petroli vizuri. Hivo vitatu vyote vikiwepo na kila kimoja kikaja kwa wakati wake, pikipiki itawaka hata iwe na sura mbaya kiasi gani. Kazi yako ni kujua kipi kati ya hivo kimekosekana, basi, na usishike spana kabla hujajua.

Kabla ya spana

Cheki swichi nyekundu ya kuzimia iko wapi, watoto wanapenda kuichezea. Cheki koki ya petroli, iko ON au imefungwa, na kama mafuta yako chini weka rezevu. Fungua tanki uchungulie kwa macho, usiamini geji ya pikipiki ya miaka ishirini, na usichungulie kwa kiberiti, tumia tochi ya simu. Tikisa usikie mafuta yanacheza. Cheki nyutro. Nimeshamkuta bro mmoja Kiboriloni amefungua kabureta nzima ameitandaza kwenye gunia kumbe koki ilikuwa imefungwa tangu jana yake usiku.

Afu sikiliza mguu wako, kiki yenyewe inakwambia mengi. Kiki ikiwa nzito kawaida halafu kuna sehemu inakaza kidogo kisha inaachia, kompresheni ipo, endelea mbele. Ikishuka laini kama unakanyaga godoro na injini unasikia inazunguka, kompresheni imepotea, ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya valvu na ringi za pistoni kule chini. Ikishuka laini na injini haizunguki kabisa, hapo ni klachi inateleza au meno ya kiki yamelika, plagi na kabureta ziache kwanza. Na ikigoma kushuka kabisa, usiiforsi wala usiirukie, pistoni inaweza kuwa imekamata, hasa kama pikipiki imekaa muda mrefu au ilitembea bila oili.

Plagi ndo inakwambia uende wapi

Hapa ndo penyewe, na ndo pale watu wengi wanapotaka kuruka. Piga kiki kama kumi na choki ukiwa umeweka, halafu toa plagi hapo hapo uitazame na uinuse.

Ikiwa kavu kabisa na haina harufu ya petroli, mafuta hayafiki kwenye silinda, moto usiuguse, nenda kwenye njia ya mafuta. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, kwa hiyo ama moto hamna, ama umemwaga mafuta mengi mpaka plagi imezama. Ikiwa nyeusi kavu kama masizi ya chungu, imekuwa ikila petroli nyingi kuliko hewa, cheki eya klina na choki. Nyeusi yenye mafutamafuta ya oili, oili inapanda kutoka kwenye ringi au kwenye sili za valvu. Rangi nzuri ni ya kahawia iliyopauka, kama biskuti.

Kama imezama tu dawa yake haina gharama: funga koki, toa choki, fungua mafuta ya mkono, yani eksileta, mpaka mwisho uyashikilie hapo hapo, piga kiki nane mpaka kumi. Hewa inaingia nyingi inakausha. Plagi unaifuta kwa kitambaa au unaiacha juani, au unawasha njiti ya kiberiti unaichoma ncha mbali kabisa na pikipiki. Narudia, mbali na pikipiki.

Plagi imelowa ila haiwaki: kufuata moto

Chomeka plagi kwenye kofia yake, ilaze kwenye chuma cha injini kiwe kinagusana vizuri na ule uzi wa plagi, iwe mbali na tundu ilikotoka maana pale kunatoka mvuke wa petroli, funguo weka ON, piga kiki. Usiishike kwa mkono mtupu, huo umeme wa CDI utakurusha. Fanya kivulini, juani utasema hamna moto kumbe upo huuoni.

Moto mzuri ni wa bluu au mweupe na unausikia unalia ta, ta, ta. Wa njano au mwekundu mwembamba ni dhaifu, nje utauona lakini ndani ya silinda chini ya ule mgandamizo unazimika. Hamna kabisa, basi unaanza kurudi nyuma hatua moja moja, na mpangilio ni kuanza na kitu cha bei rahisi kwenda cha bei mbaya.

Kwanza plagi nyingine unayojua ni nzima, azima hata kwa jirani. Kwa CG plagi yake ni NGK D8EA, na mwanya wake uwe milimita 0.6 mpaka 0.7. Plagi feki zipo nyingi mno sokoni, zingine mpya kabisa kwenye boksi na haitoi kitu, kwa hiyo kusema "plagi nimebadilisha jana" si ushahidi. Pili kofia ya plagi, ile inachomoka kwa kuzungusha kama skrubu. Izungushe uitoe, kata waya kwa kisu kama nusu sentimita upate shaba mpya, irudishe ikaze. Hii peke yake imeshaniwashia pikipiki tatu. Kofia nyingi zina rezista ndani, ya kiloomu 5 mara nyingi, ikiwa una mita pima, ikikuonesha hamna kabisa itupe. Ukitaka kujua bila mita, toa kofia, shikilia ule waya mnene kwa koleo lenye plastiki nzuri, ncha yake iwe milimita chache tu kutoka kwenye chuma cha injini, piga kiki. Moto ukija bila kofia, kofia ndo mwizi.

Tatu ni swichi, iliyonitesa mimi. Kwenye Honda na za Kichina nyingi zenye CDI isiyotegemea betri, kuzima pikipiki kunafanyika kwa waya mweusi wenye mstari mweupe, ukiguswa na bodi, yani chuma cha pikipiki, moto unakufa. Ufuate mpaka kwenye CDI uuchomoe. Moto ukirudi, CDI yako nzima, koili nzima, magneti nzima, ugonjwa uko kwenye swichi ya funguo au ile nyekundu au njiani kwenye waya. Ila kumbuka ukiwasha ikiwa hivyo funguo haitaizima, utazima kwa kuweka gia huku umekanyaga breki na kuachia klachi, kwa hiyo usifanye ikiwa imeangaliana na ukuta.

Waya zenyewe zinapenda kukatikia shingoni, pale usukani unapokunja kila siku kulia kushoto. Washa tochi, zungusha usukani taratibu huku mtu anapiga kiki, ukiona moto unakuja na kupotea kulingana na usukani ulipo umeshaipata. Kwa nje waya unaweza kuonekana mzima, ndani shaba imekatika, ubane kwa vidole utasikia sehemu imelegea. Na kama pikipiki ililala bandani, tazama panya. Ya kwangu waliishakula waya mbili chini ya tanki.

Baada ya hapo ndo unafika kwenye koili, na bodi yake. Koili imefungwa na bolti kwenye fremu, na hiyo bolti ndo bodi ya koili, ikipata kutu au fundi akapaka rangi juu yake moto unapotea. Toa, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena. Ikishindikana, azima koili ya pikipiki inayowaka, na CDI hivyo hivyo, kuazima ni bora mara mia kuliko kununua, maana maduka mengi vitu vya umeme ukishachomeka hawarudishi na mangi hana kosa hapo.

Kuna pikipiki CDI yake inakula umeme wa betri, hizo betri ikifa hata kiki haiwashi. Za zamani kama ya kwangu haijali betri, naweza kuitoa kabisa na ikawaka. Jua yako ni ipi kabla hujaanza kufungua. Na zile CG za mwanzo kabisa hazina CDI, zina platini, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme, tena umeme wake ni wa volti 6, usije ukaweka betri ya 12 ukaunguza taa. Platini zikiungua zinakuwa na vipele vyeusi, piga msasa laini, seti mwanya milimita 0.3 mpaka 0.4, futa na kitambaa kikavu. Zikiungua tena baada ya siku chache kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia platini kuungua, imekufa.

Koili za ndani kwenye magneti zinakufa mara chache. Fika huko mwisho.

Plagi kavu: kufuata mafuta

Chomoa bomba la petroli kwenye kabureta, weka chupa ya plastiki ya soda iliyo safi, fungua koki. Yanatakiwa kutoka mfululizo, si kudondoka. Yakidondoka au yakianza vizuri halafu yakapungua, fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia linavuta hewa fyuu na mafuta yakaanza kukimbia, kile kitundu cha mfuniko kimeziba, vumbi la kwetu hasa ukipita njia za Kahe na TPC kule kwenye miwa linaziba kirahisi sana. Dalili yake ni pikipiki kuwaka vizuri asubuhi, inatembea kilomita tatu nne inakosa nguvu inazima, unasimama kidogo inawaka tena. Watu wamebadilisha kabureta kwa ajili ya tundu la mfuniko. Kama si mfuniko basi chujio la koki, fungua chini utakuta kutu na mchanga.

Iache ile chupa itulie dakika tano uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini kama matone yanayotembea ukiinamisha chupa. Kipindi cha masika hiki kitu ni kingi, hasa kwa mtu anayenunua petroli ya kwenye chupa pembeni ya barabara, na tanki ambalo linakaa nusu tupu usiku wa baridi linatoa jasho ndani. Dawa ni kumwaga yote, na kumwaga bakuli la kabureta kwa ile skrubu ndogo ya chini.

Mafuta yakifika kwenye kabureta vizuri na bado plagi kavu, ugonjwa uko ndani ya kabureta. Kabla ya kufungua, gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, sindano ya boya inakwama, na kugonga kunaiachia. Ukiona kinyume chake, petroli inamwagika kwa kale kabomba ka chini, ni sindano hiyo hiyo imekwama wazi au ina uchafu, gonga pia.

Ikibidi ufungue, tandika kitambaa cheupe, na ile skrubu ya hewa ya pembeni usiitoe kabla hujaifunga taratibu mpaka mwisho huku unahesabu imezunguka mara ngapi, andika, utairudisha hapo hapo. Nyingi zinakaa kati ya moja na nusu na mbili. Jeti, vile vipande vyenye tundu la kupitisha petroli, ile kubwa ya katikati mara nyingi nzima, muuaji ni jeti ndogo ya sailensi, yani ya injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta, tundu lake ni jembamba sana na petroli iliyolala miezi ikikauka inaacha gundi inayoziba pale. Iinue uitazame kwenye jua, usipoona mwanga imeziba. Usichokonoe kwa sindano wala waya wa chuma, utaipanua na pikipiki itakula mafuta maisha yake yote. Chukua uzi mmoja tu wa shaba ndani ya waya wa umeme, pitisha, osha na petroli, puliza kwa pampu ya baiskeli. Pitisha hewa kwenye kila tundu la kabureta, sio jeti tu. Pikipiki inayowaka kwa choki tu na ukitoa choki inazima, nusu ya hizo ni hii jeti, nusu ingine ni raba inayounganisha kabureta na injini imepasuka inavuta hewa. Ikague ikiwa inaunguruma kwa choki, ipulizie maji kidogo pale kwenye raba, mlio ukibadilika umepata.

Eya klina usiisahau na ekzosi pia. Ya kwangu siku naitoa bandani ndani ya boksi la eya klina kulikuwa na nyumba ya panya ya manyasi na manyoya ya kuku, na kwenye tundu la ekzosi nyigu walijenga udongo mgumu kama tofali. Injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa. Weka kiganja nyuma ya ekzosi mtu apige kiki, usikie inapumua.

Mafuta yapo, moto upo, bado imegoma

Hapa sasa ndo kompresheni na taimingi. Toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, fungua mafuta ya mkono mpaka mwisho, piga kiki. Nzima itakisukuma kidole kwa nguvu na kutoa mlio. Ikiwa dhaifu, weka oili kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, zungusha kiki taratibu mara mbili tatu ienee, pima tena. Nguvu ikipanda, ringi au silinda zimelika, oili imeziba ule mwanya kwa muda. Isipobadilika, ni valvu hazifungi.

Na valvu kutofunga mara nyingi si kwamba zimeharibika, ni tapeti, zile skrubu za kuseti mwanya wa valvu, zimebana. Hili nataka nilisisitize kwa moyo wote kwa sababu pikipiki nyingi za bodaboda zinaenda kubadilishwa silinda hedi wakati zilihitaji spana mbili na fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya. Valvu inavyotumika inazama kwenye kiti chake kidogo kidogo, mwanya wa tapeti unapungua mpaka unaisha, na ukiisha valvu haikai chini sawasawa. Haipigi kelele, na ndo hatari yake, watu wanadhani tapeti inayolia tu ndo mbovu. Kwa CG mwanya ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa ya baridi kabisa, iliyolala usiku. Unazungusha magneti mpaka alama ya T ikae kwenye mstari wake na tapeti zote mbili ziwe zinacheza kidogo, zisipocheza zungusha mzunguko mmoja mwingine. Za aina nyingine tafuta namba yake, usitumie ya CG.

Dalili kubwa ya tapeti zilizobana ni pikipiki inayowaka asubuhi vizuri, unaenda nayo sokoni Mbuyuni, unazima dakika tano kununua ndizi, unarudi haiwaki mpaka ipoe. Ila dalili hiyo hiyo inaletwa pia na koili au CDI inayochoka ikipata moto, kwa hiyo siku ikikufanyia hivyo usiisubiri ipoe, toa plagi hapo hapo ikiwa ya moto, tumia kitambaa, upime moto wa plagi. Moto ukiwepo ni tapeti, moto usipokuwepo ni umeme. Ukiisubiri ipoe umepoteza ushahidi.

Ikipiga mabomu kwenye ekzosi au ikirudisha kwenye kabureta, au kiki inakurudishia mguu, taimingi imehama. Kuna kichuma kidogo kinachoshikilia magneti isizunguke kwenye shafti, kikikatika magneti inateleza na moto unakuja saa isiyo yake. Hapo tafuta fundi mwenye kifaa cha kuvutia magneti itoke, usiigonge na nyundo.

Stata inalia tik tik

Betri imeisha au nati za betri zimelegea au zina ukungu mweupe. Osha kwa maji ya moto, kaza. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.6, ikiwa chini ya 12 haina kitu, na ikisoma 12.5 halafu ukibonyeza stata inaanguka chini ya 10, imechoka hata uichaji vipi. Isipotoa hata hiyo tik, cheki fyuzi, afu shika klachi na uhakikishe nyutro, pikipiki zingine stata haifanyi kazi bila hivyo. Kusukuma weka gia ya pili, ya kwanza tairi linaburuta tu.

Ukipanda juu

Hili ni la kwetu sisi wa mlimani. Arusha mjini uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni kama asilimia 85 tu ya ile ya pwani, Moshi mjini ni chini zaidi, ila ukipanda Marangu au Machame unaenda juu ya hapo tena. Hewa inapungua lakini jeti inatoa petroli ile ile, kwa hiyo pikipiki iliyosetiwa Dar au hata Kahe ukilala nayo juu, asubuhi inazama haraka na plagi inakuwa nyeusi. Choki tumia kiki mbili tatu tu halafu itoe. Skrubu ya hewa ipunguzie mafuta robo mzunguko: ikiwa iko upande wa eya klina fungua, ikiwa iko upande wa injini funga. Mtu anayeshuka mpaka Tanga akumbuke kuirudisha.

Mi nikipanda Kibosho chini ya siti naweka plagi moja niliyoijaribu, spana ya plagi, spana namba 10, bisibisi ya ncha mbili, kipande cha msasa, uzi wa shaba nimeuzungushia kwenye kijiti cha kiberiti, na chupa tupu ya soda. Fila geji inabaki nyumbani maana tapeti naziseti alfajiri tu, kabla mama hajawasha jiko, injini ikiwa bado ya baridi kama jiwe.